Kumbe tarot ni mchezo wa turufu tu? Nimepigwa 180 jikoni kwa Wafaransa

#1 Mpiga_Garasa
Wakuu, heshima zenu.

Nipo Lyon mwaka wa pili, nasoma. Jengo tunalokaa lina jiko moja kwa vyumba vinane, na kila Jumamosi usiku kuna watu wanne wanakaa pale mezani na karata ndefu kuliko hizi zetu. Mwaka mzima nilikuwa napasha chakula changu naondoka, maana kiboksi kimeandikwa TAROT, na mimi nimelelewa najua tarot ni ramli ya Kizungu.

Jumamosi iliyopita mmoja wao alikuwa na mafua, wakaniomba nizibe nafasi. Wakuu, ni karata tu! Tena ni mchezo wa turufu (zile karata zinazokula aina nyingine zote), mtu anayejua karata za kijiweni anaushika ndani ya saa moja. Karata zipo 78. Kuna kopa, shupaza, uru na pau kama kawaida, ila kila aina ina karata 14, kwa sababu kati ya jeki na bibi wameweka mpanda farasi. Halafu kuna karata 21 zenye namba kubwa juu, 1 mpaka 21, hizo si kopa wala si pau, zimezaliwa turufu. Na moja ya mwisho ni mchekeshaji, wanamwita Excuse.

Mnagawiwa 18 kila mtu, sita zinabaki katikati, zinaitwa "mbwa". Kila mtu kwa zamu anasema kama anachukua au anapita. Anayechukua anapambana peke yake na wale watatu.

Mkono wa nne nikaona nina turufu nane, ikiwemo 21 na ile namba 1. Nikajitutumua, nikasema "garde", yaani nachukua kwa dau la mara mbili. Jiko likanyamaza. Mbele ya safari ikaja shupaza, mimi sina shupaza, nikakata kwa ile namba 1 nikijua nimekula kwa bei rahisi. Jamaa wa kulia kwangu naye hana shupaza. Akashusha turufu 9 taratibu, huku akiniangalia usoni kama daktari anayetaka kukwambia majibu. Mezani wakapiga kelele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu.

Nilimaliza na pointi 46 kati ya 90, nikafikiri nimeshinda, wakaniambia nimefeli na nimelipa 180.

Maswali yangu: (a) Je, nimecheza uchawi bila kujua? (b) Kwa nini karata namba 1, ndogo kuliko turufu zote, iwe na thamani ya mfalme? (c) Kwa nini mbwa?

#2 dada_kiti_cha_mbele
Nimewahi siti. Uzi bila picha?

#3 Mlinzi_wa_Lango
Swali (a) jibu ni ndiyo. Hizo karata wanazitumia waganga dunia nzima, kuna picha ya mifupa na picha ya shetani. Umeshika, umechanganya, umegawa. Usituambie "ni mchezo tu". Kila lango linaanza na mchezo.

#4 Kadi_Moja254
Mlinzi #3, kwani wewe ukiona kisu unaona mauaji tu, nyama choma huoni?

Mleta mada pole. Huku kwetu tunacheza poker yetu ya kutupa kadi, ukibaki na moja unasema "niko kadi". Hiyo yako ya kulipa 180 ni pesa ama ni nini?

#5 Hesabu_Kali
Naomba kurekebisha hesabu kabla uzi haujaenda mbali. Pointi si 90, ni 91.

Wafalme wanne kwa 4.5 ni 18. Mabibi kwa 3.5 ni 14. Wapanda farasi kwa 2.5 ni 10. Majeki kwa 1.5 ni 6. Jumla 48. Kuna karata tatu maalum, Wafaransa wanaziita "bouts": turufu 1, turufu 21 na Excuse, kila moja 4.5, jumla 13.5. Tumefika 61.5. Zilizobaki ni karata 59, kila moja nusu pointi, yaani 29.5. Jumla 91.

Ndiyo maana mezani wanahesabu mbili mbili: mfalme na garasa (karata ya nusu pointi) ni 5, bibi na garasa ni 4, na kuendelea. Nusu zinajifuta zenyewe.

Sasa pale ulipoumia. Ukimaliza mchezo huna hata bout moja kwenye rundo lako unatakiwa kufikisha 56. Ukiwa na moja, 51. Mbili, 41. Zote tatu, 36. Wewe ulianza na mbili mkononi, lengo lako lilikuwa 41. Ulipopoteza namba 1, goli likahama, ikawa 51. Ukaleta 46. Umepungukiwa 5. Kila mkono una msingi wa 25, ongeza 5 ni 30, garde inazidisha mara mbili, 60. Unalipa watu watatu. 180. Wamekuhesabia sawasawa.

@Kadi_Moja254 ni pointi za karatasini, si euro.

#6 Mpiga_Garasa
Mkuu Hesabu_Kali asante sana. Yaani ile karata moja ilinikata mara mbili, pointi zake zikaenda na goli likasogea. Sasa naelewa kwa nini walishangilia vile.

Mlinzi #3, nimeenda kuangalia tena kile kiboksi. Mifupa haipo, shetani hayupo. Turufu zao zina picha za watu wa kale wenye kofia na miavuli, kila karata picha mbili, upande mmoja mjini upande mwingine shamba. Kuna utoto, ujana, utu uzima na uzee, kuna asubuhi mpaka usiku, kuna majira manne ya mwaka. Na namba 13, ambayo kwenye karata za waganga ndiyo Kifo, hapa ni watu wapo dukani wanafanya manunuzi.

#7 Kadi_Moja254
Kwa bei za siku hizi hakuna tofauti.

#8 Msomi_Uchwara
Nilikuwa napita tu, ila hapa lazima nikae.

Mlinzi ana haki ya kuogopa ila ameshika mkia akadhani ndio kichwa. Karata hizi zilianza Italia ya kaskazini, Milano, Ferrara na Bologna, karne ya 15. Kumbukumbu za maandishi zinaanzia miaka ya 1440. Matajiri walikuwa wanachorewa kwa mkono kwa dhahabu, zipo mpaka leo zile za ukoo wa Visconti na Sforza. Zilikuwa za kuchezea. Mambo ya siri za Misri yaliingia mwaka 1781, pale Mfaransa Antoine Court de Gébelin alipoandika kwamba picha zile ni hekima ya makuhani wa Farao. Angalieni mwaka: Champollion alifumbua maandishi ya Wamisri mwaka 1822. Huyu bwana alisoma siri za Misri miaka 40 kabla ya mtu yeyote kuweza kusoma Kimisri! Kwa hiyo karata zilichezwa zaidi ya miaka 300 kabla ya ramli kuingia. Mwanafalsafa wa Oxford, Michael Dummett, ndiye aliyekaa miaka akachimba historia ya mchezo wenyewe na kuwaumbua hao watu wa Misri.

Sasa tamu yenyewe. Unajua mwanzoni zile turufu ziliitwaje kule Italia? Trionfi. Ushindi, maandamano ya ushindi. Wareno wakasema "trunfo". Sisi tukasema...

#9 dada_kiti_cha_mbele
TURUFU 😳

#10 Msomi_Uchwara
Umeiwahi dada. Ndiyo, neno ambalo kila kijiwe cha karata kuanzia Lamu mpaka Kilwa kinalitamka lilikuwa jina la karata zenyewe za tarot kabla hazijaitwa tarot.

#11 Mzee_wa_Darajani
Assalaam alaykum wanangu. Mimi ni mtu wa Mji Mkongwe, umri umekwenda, karata nimecheza tangu nikiwa na kaptura. Nna machache.

Sisi hapa tukicheza wahedi wa sitini. Unaziweka kando 8, 9 na 10, zinabaki karata arubaini. Ree ni kumi na moja, saba ni kumi, na wale wenye sura tukiwaita wazungu: mzungu wa nne, mzungu wa tatu, mzungu wa pili. Mzungu wa nne ndiye mfalme, ana nne. Wa tatu ndiye kijana, ana tatu. Wa pili ndiye bibi, ana mbili. Pigeni hesabu, kila aina inatoa thalathini, zote mia na ishirini. Mwenye sitini na moja kashinda, ndilo hilo jina. Zisizokuwa na kitu ndizo magarasa.

Kwa hivyo huyo kijana wa Lyon asione ajabu kuhesabu pointi ndani ya karata badala ya kuhesabu mizunguko aliyokula. Ni kitu kimoja. Nnachoshangaa mimi, huko bibi yuko juu ya kijana. Kwetu bibi yuko chini.

#12 Mpiga_Garasa
Shikamoo mzee wangu. Hilo la bibi nitawauliza hapa.

#13 Mzee_wa_Darajani
Marahaba. Na usikate tena kwa turufu ndogo wakati nyuma yako kuna mtu hajacheza. Hilo halina Ulaya wala Unguja.

#14 Kadi_Moja254
🤣🤣 Mzee amemaliza.

#15 Pwani_Halisi
Msomi #10, mimi sikubali kirahisi. Turufu si "trump" ya Waingereza? Waingereza walikuwa hapa majuzi tu, Wareno waliondoka zamani.

#16 Msomi_Uchwara
"Trump" yenyewe ni mjukuu wa "trionfo", kwa hiyo hata ukipitia huko unafika nyumba ileile. Lakini usiitazame turufu peke yake, tazama waliokuja nayo. Kopa ni copas, vikombe. Uru ni ouros, dhahabu. Pau ni paus, magongo. Shupaza ni espadas, panga. Karata yenyewe ni cartas. Familia nzima imeshuka jahazi moja, halafu turufu peke yake ije kwa ndege na Mwingereza?

Na ona lingine. Karata tunazonunua dukani zina moyo mwekundu, ila sisi tunauita kopa, kikombe. Kwenye karata za kale za Italia, zikiwemo tarot, kulikuwa na vikombe, sarafu, panga na magongo. Tunaita jina la picha ambayo haipo tena kwenye karata.

#17 Pwani_Halisi
Hapo umenishika kidogo. Ila bado: Wareno gani? Hao wa Ngome ya Yesu? Ngome ilianza kujengwa 1593, Waomani wakaichukua 1698. Yaani baharia Mreno alikaa na babu zetu kufundishana karata huku wanapigana mizinga?

#18 Mzee_wa_Darajani
Pwani_Halisi ana hoja. Mie nnavyoona wamezileta Magoa, watu wa Goa kule Bara Hindi ilokuwa chini ya Wareno. Hapa Unguja Magoa walikuwa wengi, washoni, wapishi, wapiga muziki, makarani, na wao majina yao na karata zao ni za Kireno. Baba yangu karata kafunzwa na Mgoa aliyekuwa mshoni mtaani kwetu, na huyo Mgoa akisema "kopash", si kopa.

#19 Msomi_Uchwara
Mzee, hilo nalipokea, lakini maneno haya yameenea pwani nzima. Mshoni mmoja wa mtaani hawezi kuwafundisha Lamu na Kilwa.

#20 Mzee_wa_Darajani
Humjui mshoni yule.

#21 Bi_Vienna
Habari zenu. Nipo Austria miaka kumi na moja sasa, nimeolewa huku, na baba mkwe wangu kila Alhamisi ana meza ya Tarock. Huku wanatumia karata 54, siyo 78. Mchezo wao mkubwa unaitwa Königrufen, kumwita mfalme. Anayechukua mkono anataja mfalme mmoja, tuseme mfalme wa kopa, na aliye naye mkononi anakuwa mwenzake. Ila hasemi! Mnacheza hamjui nani ni wa nani mpaka mfalme atoke. Nimeona watu wazima wanaharibiana sherehe nzima kwa sababu mtu alimpiga mwenzake bila kujua.

Na zile tatu maalum za Hesabu_Kali zipo huku pia ila mchekeshaji hapa ndiye turufu kubwa kuliko zote, anawala wote, hata 21. Wanamwita Sküs, ambayo ni ile Excuse ya Wafaransa imelegea mdomoni. Namba 21 wanaiita Mond. Nilidhani ni mwezi, maana Mond ni mwezi kwa Kijerumani. Baba mkwe akaniambia hapana, ni "monde" ya Kifaransa, ulimwengu, Wajerumani wakasikia vibaya. Kwa hiyo wamekaa na mwezi ambao ni ulimwengu.

Sigmund Freud naye, yule daktari wa ndoto, alikuwa na genge lake la Tarock la Jumamosi jioni.

#22 Mlinzi_wa_Lango
Freud. Mmezidi kunithibitishia.

#23 Hesabu_Kali
Bi_Vienna, nyongeza: Wafaransa nao wakiwa watano wanaita mfalme. Kila mtu anapata 15, mbwa anabaki na karata tatu. Wakiwa watatu, 24 kila mmoja. Mleta mada alicheza ile ya wanne, na hiyo ndiyo inayochezwa zaidi kwenye mashindano. Wana shirikisho lao la taifa tangu 1973.

#24 Ngazidja_Marseille
Jamani msidanganye watu kwamba Ufaransa nzima inacheza tarot. Mimi nipo Marseille, sisi Wakomoro tupo wengi hapa, na mtaani ni belote tu, mchezo mwingine wa karata, ile ya contrée. Tarot utaikuta kwa wanafunzi na kwa walimu. Huyo wa Lyon angekuja hapa angefundishwa mchezo wa kiume.

Halafu kuhusu jina "tarot". Mimi nimesoma Kiarabu. Kuna taraha, kutupa, kutoa kitu ukakiweka kando. Na mchezo wenyewe una kutupa karata: anayechukua anabeba mbwa halafu anaweka chini karata sita zake. Si ndiyo hiyo?

#25 Msomi_Uchwara
Ngazidja, hiyo imo kwenye orodha na inapendeza. Wengine wanasema ni mto Taro, karibu na Parma. Wengine wanasema limetokana na neno la kale la Italia lenye maana ya ujinga, upumbavu. Kinachojulikana ni kwamba jina hili linaonekana kwenye maandishi mwaka 1505, Ferrara na pia Avignon, Ufaransa. Sababu ya kubadilisha jina ni kama vile trionfo lilikuwa limeanza kutumika kwa mchezo mwingine wa karata za kawaida, watu wakahitaji kutofautisha.

Tatizo la taraha ni hili: zile turufu 21 ni ubunifu wa Waitaliano. Waarabu hawakuwa nazo. Sasa kwa nini Mwitaliano abuni kitu chake halafu akipe jina la Kiarabu?

#26 Ngazidja_Marseille
Kwa sababu karata zenyewe alizipata kwa Waarabu! Hilo unalijua na umelificha.

#27 Msomi_Uchwara
Sijalificha, nilikuwa nalitunza kwa ajili ya baadaye 😀

Haya. Kabla ya turufu, karata za kawaida ziliingia Ulaya kutoka kwa Mamluki, watawala wa Misri wa zama hizo. Pale Istanbul, jumba la Topkapi, wana seti ya Kimamluki: vikombe, sarafu, panga, na fimbo za kuchezea polo, ule mpira wa juu ya farasi. Wazungu hawakuijua polo, fimbo zikageuka magongo. Na karata za wakubwa hazina sura, zina maandishi tu: malik, mfalme. Halafu naib malik. Halafu naib wa pili. Maandishi ya Viterbo, Italia, ya mwaka 1379 yanasema mchezo umetoka kwa Wasaraseni, yaani Waislamu, na unaitwa "nayb". Wahispania mpaka leo karata wanaziita naipes.

#28 dada_kiti_cha_mbele
Subiri. Naib ni NAIBU? Huyu huyu naibu wetu?

#29 Msomi_Uchwara
Huyu huyu.

#30 Kadi_Moja254
Kumbe naibu gavana wetu ni kadi ya kuchezea, nilishuku.

#31 Ngazidja_Marseille
Basi taraha inarudi mezani.

#32 Msomi_Uchwara
Inarudi mezani, haijala.

#33 Mutoto_ya_Bukavu
Jambo bandugu. Miye niko Bukavu. Huku turufu tunaitaka "atu", vile Bafaransa banasema. Basi hii neno yenu ya Bareno haikufika huku.

Kwa ile mbwa: miye naona iko hivi. Mukishakula, mifupa munatupia mbwa. Mukishagawa karata, zenye zinabaki munatupia mbwa. Njo vile tu.

#34 Pwani_Halisi
Bukavu, lakini hiyo mifupa anayeila ni mchukuaji, siyo mbwa. Anayechukua mkono ndiye anayebeba zile sita. Kwa hiyo mbwa anamlisha mwenye nyumba?

#35 Bi_Vienna
Huku zile za katikati zinaitwa Talon, hazina mnyama. Baba mkwe anasema Wafaransa wanaziita mbwa kwa sababu zimelala katikati ya meza kama mbwa mlangoni, hujui atakubweka au atakulamba mkono mpaka umguse.

#36 Mpiga_Garasa
Nimewauliza wenzangu wa jikoni. Watu wanne, majibu matatu. Mmoja kasema mabaki ya chakula, kama Bukavu. Mwingine kasema ni uwindaji, kwa sababu kile kinachonipata mimi kinaitwa "kuwinda kadogo": wale watatu wanaokupinga wanaongoza turufu makusudi, raundi baada ya raundi, ukaishiwe turufu nyingine mpaka namba 1 itoke yenyewe. Sasa penye uwindaji pana mbwa. Wa tatu kasema acha maswali ugawe. Wa nne yule mwenye mafua, bado analala.

Na bibi kuwa juu ya jeki, mzee wangu, wamenitazama kama nimeuliza kwa nini maji yana unyevu.

#37 Mzee_wa_Darajani
Wafikishie salamu.

#38 Hesabu_Kali
Turudi swali (b), limeachwa yatima. Kwa nini namba 1 ilipwe kama mfalme? Mimi naona ni bei ya hatari. Namba 1 ni turufu dhaifu kuliko zote, kuipeleka nyumbani salama ni kazi, basi inalipwa. Na ukifanikiwa kula nayo mzunguko wa mwisho kabisa unaongezewa 10, nazo zinazidishwa kwa mkono uliotangaza. Ukifanya garde ni 20 kwa kila mpinzani.

#39 Pwani_Halisi
Hesabu, kwa hoja yako 21 isingelipwa. 21 haishindwi na kitu. Mwenye nayo hawezi kuipoteza hata akicheza amefumba macho. Hatari iko wapi?

#40 Hesabu_Kali
Hmm.

#41 Bi_Vienna
Labda ni mwanzo na mwisho tu. Ya kwanza, ya mwisho, na asiye na namba. Nahodha, mlinda mlango na mwendawazimu.

#42 Mutoto_ya_Bukavu
Na Excuse je? Haikulaka kitu na iko na 4.5.

#43 Hesabu_Kali
Excuse ni ya kuomba radhi. Imeongozwa kopa na wewe hutaki kutoa mfalme wako wa kopa, unaweka Excuse, umesamehewa kufuata. Haili mzunguko, ila inarudi kwenye rundo lako, unampa aliyekula garasa moja badala yake. Isipokuwa ukiing'ang'ania mpaka mzunguko wa mwisho, hapo inaenda kwa wapinzani. Nimeona mtu mzima akiisahau mkononi. Sitaji jina, ni mimi.

#44 Kadi_Moja254
Mwalimu wa hesabu kapotezwa na karata ya radhi 🤣

#45 Mlinzi_wa_Lango
Nimesoma uzi wote. Nakubali kwamba ulianza mchezo. Lakini leo, 2 kati ya 3 ya watu wakisikia tarot wanafikiria ramli.

#46 Msomi_Uchwara
Hiyo 2 kati ya 3 umeipata wapi?

#47 Mlinzi_wa_Lango
Mtaani kwetu.

#48 Ngazidja_Marseille
Ramli yenyewe ni neno la Kiarabu, maana yake mchanga, kwa sababu walikuwa wanapiga kwenye mchanga. Mlinzi, nyumba yako imejengwa kwa nini?

#49 Mlinzi_wa_Lango
Kwa matofali ya kuchoma. Usinichokoze.

#50 Mzee_wa_Darajani
Wanangu, leo nimefanya jambo. Nimepiga hesabu: pakiti moja kamili ni 52. Wapanda farasi wanne, turufu 21, na mchekeshaji mmoja, hizo ni 26. Yaani nusu ya pakiti nyengine barabara. Pakiti moja na nusu, unapata 78. Nimekaa barazani na kalamu nene, nimeziandika namba kwenye zile za ziada, mchekeshaji nimempa jokari. Jioni nimewaita wenzangu watatu tujaribu.

#51 Mpiga_Garasa
Mzee wangu weeee! Imekuwaje?

#52 Mzee_wa_Darajani
Fedheha. Pakiti moja ina mgongo mwekundu, nyengine ina mgongo wa buluu. Nimegawa, kila mtu anaona mwenziwe ana turufu ngapi kwa kutazama mgongo tu. Mmoja ana buluu tisa mkononi kazitandaza kama kipepeo cha kujipepea. Tumecheka mpaka kahawa imepoa.

#53 dada_kiti_cha_mbele
Sasa HII ndiyo nilitaka picha yake.

#54 Hesabu_Kali
Mzee, nunua pakiti mbili za mgongo mmoja. Na sheria moja usiisahau: mtu akigawiwa namba 1 halafu hana turufu nyingine yoyote wala Excuse, mkono unafutwa, mnagawa upya.

#55 Mzee_wa_Darajani
Hiyo nimeipenda. Ina huruma.

#56 Pwani_Halisi
Na mnagawa kwenda upande gani? Maana Wafaransa tarot wanaizungusha kuelekea kulia, kinyume cha saa.

#57 Mzee_wa_Darajani
Na sisi kulia. Tangu lini karata ikaenda kushoto?

#58 Kadi_Moja254
Huku inaenda kushoto mzee, mpaka mtu atupe kadi ya kugeuza.

#59 Msomi_Uchwara
Mzee #57, Wareno na Wahispania wengi nao ni kulia. Naiweka tu hapa, Pwani_Halisi aione.

#60 Pwani_Halisi
Na Magoa wanazungusha wapi?

#61 Msomi_Uchwara
Kulia.

#62 Pwani_Halisi
Basi hujathibitisha kitu.

#63 Mpiga_Garasa
Mrejesho wa Jumamosi, wakuu. Nimecheza tena. Nilipata Excuse na turufu saba bila namba 1, nikachukua garde. Kwenye mbwa kulikuwa na namba 1. Nikatetemeka. Safari hii nimeilea kama yai: turufu kubwa nimezitoa mapema kuwamaliza, nikakata nayo uru pale tu nilipojua hakuna tena mwenye turufu. Nimemaliza na bouts mbili, pointi 49. Lengo 41, nimezidi 8. 25 na 8 ni 33, mara mbili 66, mara watu watatu, 198. Deni la wiki iliyopita limelipwa na chenji ya 18.

#64 Hesabu_Kali
Hesabu ni sahihi. Nimeipitia mara mbili.

#65 Mlinzi_wa_Lango
Hongera. Ila omba kabla ya kulala.

#66 Mzee_wa_Darajani
Na hapa tumecheza jana, migongo yote myekundu sasa. Tumeanza baada ya isha, tumemaliza muadhini wa alfajiri anasafisha koo. Mbwa wa kwanza alikuwa na wazungu wa nne wawili ndani yake, kabeba jirani yangu, kafika 56 bila bout hata moja. Wa pili nimembeba mie. Magarasa matupu, sita kwa sita.

Yule baba mkwe wa Bi_Vienna kasema kweli. Wangu kabweka.

#67 Mutoto_ya_Bukavu
Mzee, ile jirani alikuomba mifupa?

#68 Mzee_wa_Darajani
Kaomba kahawa, na kikombe changu kaondoka nacho.

#69 Msomi_Uchwara
Kopa.

#70 Mzee_wa_Darajani
Kalale weye.